Mbuzi Hawakuambiwa

Tangu nirudi Mombasa sijapumzika. Asha jirani ananiuliza akichungulia ukutani, Mwanajuma ananiuliza sokoni, na jana hata muuza mkaa kanisimamisha: "Bi Saumu, ni kweli ulikuwa vitani?" Vitani wapi, jamani! Mimi ni nesi. Nilikwenda Turkana kufundisha watu kufunga vidonda. Lakini kwa kuwa kila mmoja ameshasikia kipande chake na kukitia chumvi, naandika yote mara moja. Msome, mpitishiane, mniache nikaange mihogo yangu.

Na niwaambie mapema: nilikwenda kule na maneno mengi, nikarudi na machache. Mnaonijua mtajua hilo si jambo dogo.

Kitale hadi Lodwar

Shida ilianza na sanamu. Kazi yangu naifanyia juu ya sanamu la mpira, kichwa na kifua tu, halina mikono wala miguu. Mwanafunzi hulibana kifua na kulipulizia pumzi mdomoni, ajifunze kumrudisha mtu aliyezimia. Nililizungushia leso zangu mbili nikalipakata ndani ya basi, maana ukilitia kwenye buti linapondeka.

Tulipoteremka milima ya Pokot tukakuta kizuizi. Askari kijana akapanda, akaniona nimekumbatia mzigo, akataka kuona. Nikamwambia, "Baba, ni vifaa vya kazi." Akafunua leso mwenyewe, akakutana na uso umefumba macho. Wallahi alirudi nyuma akakanyaga kuku wa watu.

"Mama, huyu amekufa lini?"

Basi lote likashuka. Mzee mmoja akavua kofia. Nikaona nikieleza kwa mdomo hatutafika, basi nikalilaza sanamu barabarani, nikapiga magoti, nikapuliza. Kifua kilipoinuka watu walipiga kelele, na yule askari akaniambia niende, niende upesi, nisifanye tena mbele ya kituo chake. Tangu hapo hakuna aliyekubali kukaa karibu nami. Nikapata viti viwili peke yangu hadi Lokichar.

Mbele ya Lokichar dereva akasimama na kuzima injini. Mbele yetu palikuwa na mto wa mchanga mtupu, mkavu kabisa, watoto wanauvuka na punda. Nikauliza kulikoni. Akasema, "Maji inakuja." Nikamwambia, na mnanijua nilivyomwambia, maji gani na jua hili, hata wingu moja hakuna, twende, tunachelewa! Akashuka akaketi kivulini mwa basi.

Watoto walikuwa wa kwanza kusikia. Walikusanya punda wakapanda ukingo. Kisha nami nikasikia, kama lori nyingi zinakuja kwa mbali, na nikaona kwenye kona ya mto maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakuja yamesimama, yamebeba magogo, yamebeba mti mzima na mizizi yake, yakapita mbele ya basi pale pale ambapo ningekuwa mimi na haraka yangu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani tulikotoka. Chini ya jua kali, bila tone moja juu ya vichwa vyetu, mto ulizaliwa mbele ya macho yangu. Nilisema "Subhanallah" mpaka sauti ikaniisha.

Tulikaa hapo mpaka maji yalipopungua alasiri. Mwanamke mmoja mchuuzi aliyekuwa ameniogopa njia nzima akaja akaniletea samaki mkavu na chai kwenye kikombe cha bati. Samaki alikuwa mgumu kama soli, na nilimla wote.

Lodwar

Lodwar ni joto, lakini si joto letu. La kwetu linakulowesha, la kule linakukausha hadi ndani ya kope. Nilifua leso asubuhi, nikaianika, nikageuka kuchukua kibanio, nikaikuta imekauka. Usiku wa kwanza nililala nje kama kila mtu, na asubuhi nikala tilapia wa ziwani, wa kukaanga, aliyeletwa kutoka Kalokol, nikawasamehe watu wa Lodwar joto lao lote.

Aliyekuja kunichukua anaitwa Ekai. Yeye ndiye mkubwa wa askari wa akiba wa Lokiriama. Kwa msiojua, hao ni wafugaji wa pale pale ambao serikali imewapa bunduki walinde kwao. Mshahara wa kutajika hawana. Ekai ni mrefu, mwembamba, amevaa shati la jeshi na viatu vya tairi. Akanipa mkono. "Ejoka?" Nikajibu, "Sijambo, baba." Akanifundisha niseme "Ejok". Nikasema. Akafurahi. Kisha bila kuvuta pumzi akasema, "Nipe hiyo leso."

Nilishikwa na hasira! Mtu hata jina langu hajalijua! Nikamwambia hii leso ni ya mama yangu na sikuja huku kuporwa. Akacheka mpaka akashika magoti.

"Mama, sikiliza. Kwetu mtu akikuomba kitu, amesema wewe ni mtu yake. Ukikaa hapa na mtu hakuombi kitu, sasa hapo uogope. Wewe pia niombe."

Nikatazama alichonacho. Nikamwomba kile kiti chake kidogo cha mti, ambacho wanaume wa huko hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku.

"Hapana," akasema. Tukacheka wote wawili, na tukawa ndugu tangu hapo.

Njiani kwenda kununua maji ndipo aliponieleza jambo lenyewe. Kule Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, kulikuwa na kambi ya wanajeshi wa kigeni waliokuja kuwafundisha askari wa akiba. Walipokuja walichimba kisima kwa mashine, wakaweka pampu ya sola, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi wakayagawa. Watu wakahamia. Sasa wageni wanaondoka. Ndege yao inawachukua Kakuma mwisho wa wiki. Amri waliyopewa ni hii: askari wa akiba wakifaulu mtihani wa mwisho, watakabidhiwa kambi na pampu. Wakishindwa, pampu na sola vitang'olewa vipelekwe stoo Lodwar, mpaka polisi wa kutoka bara watakapoletwa.

"Na hao polisi wanakuja lini?" nikauliza.

"Wanakuja," Ekai akasema, kwa sauti ya mtu aliyesikia neno hilo miaka mingi. "Lakini mbuzi inakunywa leo."

Lorugum hadi Lokiriama

Tulipanda lori la kambi. Dereva wake, Erupe, ni mtu asiyesema neno na anayeendesha kwa kufuata alama ambazo mimi sikuziona. Lorugum tulisimama tukala maharagwe na chapati, tukapasua gurudumu, tukaziba, tukapasua tena. Baada ya hapo barabara ilikwisha. Ni mawe na miba na mito ya mchanga, na mbele milima ya mpaka, ya samawati, ambayo ukiiendea mchana kutwa haikukaribii. Sijawahi kuona nchi kubwa namna ile. Nilijaribu kuimba nikaona sauti yangu haifiki popote, nikanyamaza.

Kambini alinipokea Kapteni. Jina lake sitalitaja, na nchi yake ni ya huko kwenye baridi. Pua ilikuwa imemchunika yote. Aliniuliza kwa Kiingereza kama najua Kiswahili. Nikamwambia, "Swali gani hilo?" Kumbe mkalimani wake alikuwa ameshaondoka na kundi la kwanza, na daktari wake vilevile. Kwa hiyo mimi niliyekuja kuwa nesi nikajikuta mkalimani: Kapteni ananiambia kwa Kiingereza, namwambia Ekai kwa Kiswahili, Ekai anawaambia wenzake kwa Kiturkana. Neno likitoka kwa Kapteni na meno, likifika kule yameshang'oka.

Kila mmoja alikuwa na manung'uniko yake, na kila mmoja alinipa mimi. Kapteni alisema: "Nikiwafundisha kundi zima, wiki inayofuata nusu hawapo. Nauliza wako wapi. Naambiwa ng'ombe wamehama."

Ekai akasema: "Ng'ombe yake ikihama, yeye abaki analinda nini? Na hawa wageni, mama, wanakuja, wanafundisha kushika bunduki. Wanaenda. Wengine wanakuja, wanafundisha tena kushika bunduki. Mimi nimeshika bunduki tangu huyu Kapteni alikuwa anabebwa."

Nami nilikuwa na yangu. Wanaume wazima hao, hakuna hata mmoja aliyetaka kumbusu sanamu. Mmoja aliniambia kwa adabu kwamba mtu asiye na miguu wala mikono ameshapotea, nisimsumbue.

Aliyeokoa somo langu ni Mama Nakiru. Ni mama mjane, shingo imejaa shanga hadi kidevuni, mbuzi wake wanalala nyuma ya uzio wa kambi. Alikuja akasukuma wanaume, akapiga magoti, akapuliza pumzi kwenye lile sanamu kwa nguvu mpaka likalia. Kisha akaniomba leso. Nikampa moja. Akanipa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, nami nisiyekunywa maziwa ya mbuzi nikayanywa.

Alinipeleka mtoni kunionyesha walikokuwa wakiteka zamani, kabla ya pampu. Ni shimo kwenye mchanga, refu kwenda chini kuliko nyumba yangu kwenda juu. Wanawake walikuwa wakisimama ndani yake ngazi kwa ngazi, kila mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana bakuli la maji kutoka chini gizani hadi juu, na wakiimba ili mikono isipoteze mwendo. Dada yake aliangukiwa na mchanga humo. Alinionyesha mahali. Akatupa kokoto moja shimoni, tukarudi.

Siku ya mtihani

Mtihani aliutunga Kapteni mwenyewe, na kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Asubuhi wanajeshi wake watajifanya wezi wa mifugo, watachukua mbuzi na kukimbia nao kuelekea milimani. Ekai atapiga ripoti kwa redio, atasubiri amri, atapanga watu wake kwa mistari miwili kama walivyofundishwa, watawafuata, watawazunguka, watarudisha mbuzi. Risasi za mtihani zina mlio tu, hazina kitu ndani.

Tabu ilikuwa kupata mbuzi. Kila mzee aliyeombwa alikataa. Walisema wizi wa mifugo si mchezo, mtu hauchezi. Nilimwambia Kapteni. Akasema, waambie ni mazoezi tu. Nikawaambia. Wakanitazama kama wale abiria wa basi.

Mwisho akasimama Mama Nakiru. Akasema watumie wa kwake. Hana mtoto wa kiume, hana ng'ombe, hao mbuzi ndio kila kitu, lakini bila pampu watakufa vilevile. Tukamweleza mara tatu: ni uongo, watarudishwa kabla ya jua la utosi. Alielewa. Alicheka hata yeye.

Basi asubuhi ikafika. Mimi, Kapteni na Ekai tulikuwa juu ya kilima kidogo, redio mkononi. Mama Nakiru amesimama karibu na boma lake. Wanajeshi wakatoka kwenye miiba wakipiga makelele, wakafungua boma, wakapiga risasi za mlio hewani, mbuzi wakalipuka kwa woga wakilia, wakasukumwa kuelekea milimani.

Na Mama Nakiru akapiga yowe.

Mashoga zangu, mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, nimesikia vilio vya kila namna. Sijasikia kile. Kilianza chini ya tumbo kikapanda, na hakikuisha pumzi ilipoisha. Kapteni akatabasamu, akasema, "Anaigiza vizuri." Nikamtazama Ekai. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," akaniambia, "mwambie hiyo si ya kuigiza."

Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mwingine kwenye boma la mbele alilipokea lile yowe. Kisha mwingine, mbali zaidi, kilima cha pili. Likaenda hivyo, kutoka kilima hadi kilima, mpaka nikawa silisikii tena ila najua bado linakwenda. Kukawa kimya kidogo. Kisha nchi ile niliyoiona tupu siku zote ikaanza kutoa watu.

Walitoka kwenye mito, walitoka nyuma ya mawe, walitoka mahali ambapo ningeapa hakuna hata panzi. Wanaume kwa wanaume wakikimbia, wengine na bunduki, wengine na mikuki na fimbo, wamejifunga nguo kiunoni, hakuna anayesema. Wakaja wazee. Wakaja wasichana na vibuyu vya maji kwa ajili ya wakimbiaji. Na kutoka kwenye milima ya mpaka, kutoka upande wa Uganda, likaja kundi jingine refu, na Ekai akashika kichwa.

"Hao ni nani?" nikauliza.

"Hao tuliibiana ng'ombe na baba zao. Wakaua ndugu ya babu yangu." Akawanyoshea kidole. "Wanakuja kutusaidia."

Sijui niliseme vipi. Nilikuwa nalia na sijui naliaje. Watu wale hawana gari, hawana redio, hawana mshahara, wengine hawakujua hata mbuzi ni wa nani. Walisikia mwanamke analia wakaja. Mtu hawezi kusimama mbele ya kitu kama kile akabaki na ujuaji wake.

Lakini hofu nayo ikanipata papo hapo, maana wote wale walikuwa wanawakimbilia wanajeshi wa Kapteni. Vijana wa watu, wekundu kwa jua, wanafukuza mbuzi na bunduki zisizo na kitu, wanacheka, na wale wanaokuja wana risasi za kweli. Kapteni aliliona. Akaanza kupiga redio, "Simama, simama, mazoezi yamekwisha," lakini redio ilikuwa inazungumza na redio, na watu mia kadhaa wale hawakuwa nayo hata moja. Redio ya Ekai nayo ikaanza kumwita kutoka kambini: toa ripoti, toa ripoti.

Ekai akaizima. Akateremka kilima mbio, mimi nyuma yake na sijui nakimbilia nini, viatu vimenitoka. Akawafikia wenzake waliokuwa wakingoja amri chini, akasema neno moja. Wote wakalaza bunduki chini mchangani, wakaenda mikono mitupu wakaketi chini kwa mstari, kati ya wanajeshi na wale watu wanaokuja. Ekai peke yake akabaki amesimama mbele, kifua wazi. Wakimbiaji wa kwanza walimfikia wakapita. Hawakumsikiliza. Kijana mmoja alimpiga bega akaanguka. Akainuka tena akasimama mbele ya wengine, anapaza sauti, na sauti yake haikutosha.

Akanigeukia. "Lete mwenye mbuzi! Mimi nikisema ni mchezo, nani ataamini? Ni yeye tu."

Nikakimbia kwa Mama Nakiru. Alikuwa bado amesimama pale pale, mikono kichwani. Nikamshika mkono, na kwa Kiswahili chake kidogo na Kiturkana changu kisichokuwepo, nikamwambia, "Mama, waite! Waite mbuzi!" Kwanza hakuniona. Kisha akaniona. Akapanda juu ya jiwe. Akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa chini, wa kila jioni, ambao nilikuwa nimeusikia nikiwa naosha vyombo na sikuutilia maanani. Kule mbele, katikati ya vumbi na wanajeshi, mbuzi mweupe mmoja akasimama. Akageuza kichwa. Kisha wote wakageuka, wakapita katikati ya miguu ya wale vijana wa Kapteni, wakapita katikati ya wale watu wenye bunduki, mia kadhaa wakisimama kuwapisha, wakarudi moja kwa moja hadi kwenye jiwe. Mama Nakiru akawashika mmoja mmoja, uso kwa uso, anawaita kwa rangi zao. Alipomaliza akainua mikono yote miwili juu.

Bunduki zikashuka. Nilisikia watu wakipumua.

Kapteni alitufikia. Akaniomba nimwulize Mama Nakiru, kwa upole sana alisema, kwa nini alilia hali aliambiwa ni uongo. Nikamwuliza. Alijibu mwenyewe kwa Kiswahili, na hasira.

"Mimi mliambia. Mbuzi hamkuambia. Mbuzi ililia kweli, mimi pia nikalia kweli."

Nikamtafsiria Kapteni. Akavua kofia akakaa mchangani.

Watu waliokimbia namna ile hawaachwi warudi na njaa. Ekai akatoa beberu wawili wake, na Kapteni akafungua stoo ya kambi akatoa makatoni yote ya vyakula vya jeshi. Wanaume waliketi nusu duara kwa ukubwa wa rika zao na za baba zao, nyama ikachomwa. Ukaja ubishi Kapteni akae wapi, maana hakuna aliyemjua baba yake. Wakamweka mwisho kabisa, na vijana wasio na wake. Alikaa, akala alichopewa. Mzee mmoja wa upande wa Uganda alionja biskuti za jeshi, akazitafuna muda mrefu, akasema sasa ameelewa kwa nini wageni wanataka kurudi kwao.

Kakuma

Kapteni aliniomba nisimwache bila mkalimani mpaka ndege ije, kwa hiyo tukarudi Lodwar na kutoka Lodwar tukashika barabara ya Kakuma, wanajeshi kwenye magari yao, mimi na Ekai na Erupe kwenye lori, sanamu katikati yetu. Ekai alikuja kuchukua jibu la mtihani. Nyuma ya lori kulikuwa na spana na winchi za kung'olea pampu, zinagongana kila tukiingia shimo.

Kakuma ni mji ulioshonwa kwa vipande. Ukipiga kona unasikia Kisomali, ukipiga nyingine Kiarabu cha Juba, vijana wanaongea Sheng kama wamezaliwa Nairobi. Tuliingia kula kwa Mama Furaha, mkimbizi wa Kongo mwenye mkahawa wa mabati. Alituletea sombe, yaani kisamvu, na samaki na ugali wa muhogo, na mimi niliyekuwa nimekula biskuti za jeshi nilimwombea dua. Kapteni alikuwa ametoka kupiga simu. Aliketi, hakugusa chakula.

"Wakubwa wamesema nini?" nikamwuliza.

"Redio ilizimwa. Bunduki ziliachwa chini. Hayo ndiyo makosa mawili makubwa kwenye mtihani wangu." Alimgeukia Ekai, akashindwa kumtazama. "Wamesema askari wa akiba wameshindwa. Lori lirudi leo likang'oe pampu."

Nilimtafsiria Ekai. Nilitamani Mungu anichukulie hilo neno nisilitoe. Ekai akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua samaki, lakini hakula.

Mimi je? Nilianza. Nilimwambia Kapteni kila kitu kilichonijia, Kiingereza kikaniisha nikaendelea kwa Kiswahili. Mama Furaha akasimama na sufuria mkononi akisikiliza. Akaniuliza, "Huyu ni soda wa kigeni? Banaenda?" Nikamwambia ndiyo, ni mwanajeshi, wanaondoka leo. Akaketi kwenye benchi letu bila kualikwa.

"Kwetu pia balikuwako," akasema. "Balitoka asubui. Balitupungia mikono, na siye tukabapungia. Magaribi baadui bakaingia. Tulilia, mama. Tulilia sana. Hakuna mutu alikuya."

Kapteni akauliza amesema nini. Nikamwambia, neno kwa neno. Mama Furaha akangoja nimalize, kisha akamuuliza yeye mwenyewe, na mimi nikabeba swali: kule anakotoka, mtu akilia, nani anakuja?

Kapteni aliizungusha chai kikombeni mpaka ikapoa. Kisha akainuka akatoka, na sisi tukamfuata hadi uwanja wa ndege. Vumbi lilikuwa linapita chini chini. Ndege ilikuwa imeshatua, wanajeshi wanapanda. Lori letu lilikuwa kando, Erupe ndani, injini inaunguruma, tayari kurudi Lokiriama.

Kapteni alisimama mbele yetu, mtu mnyoofu yule, ambaye siku zote ukimwambia saa mbili anakurekebisha, ni saa mbili na dakika mbili.

"Mwambie Ekai," akasema, "nimetaarifu kwamba lori limeharibika."

Nikalitazama lori. Nikamtazama yeye. "Lori hili?"

"Limeharibika vibaya. Haliwezi kufika Lokiriama. Baada ya leo hakuna mtu wangu nchini wa kulitengeneza." Akazigeukia spana zilizo nyuma ya lori. "Vilivyoko kule vitabaki kule."

Nilimwambia Ekai polepole, nikiogopa asielewe, maana huyu ni mtu wa mahali ambapo hata mbuzi hawachezewi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatembea taratibu hadi kwenye lori, akamwashiria Erupe azime. Akafungua boneti. Akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda, akatoka na uso wa msiba.

"Imekufa kabisa," akasema. Na Erupe, ambaye safari nzima sikusikia sauti yake, akashuka, akapiga teke gurudumu, akasema, "Kabisa."

Kapteni akampa Ekai mkono. Ekai akaushika, hakuuachia, akamwambia kwa Kiswahili, "Nipe hiyo kofia." Sikutafsiri. Kapteni hakungoja nitafsiri. Aliivua akampa, akapanda ndege kichwa wazi kwenye jua lile.

Nyumbani

Kurudi kwangu hakuna la kusimulia, isipokuwa safari hii sanamu nililitia kwenye buti, na likapondeka pua.

Mnaniuliza wote, sasa ikawaje, wako salama? Sijui. Polisi wa bara hawajafika, na hakuna anayejua watafika lini. Ekai hana betri za redio za kutosha, wala hajalipwa. Juzi alinipigia simu kutoka kwenye kilima kile, ndipo penye mtandao. Nikamuuliza yote hayo kwa pupa, akacheka, akasema ngoja. Nikasikia upepo, nikasikia kishindo cha watu wanapanda, kisha pampu huko chini, na kelele za mbuzi wanaosukumana. Akampa mtu simu.

Ilikuwa sauti ya Mama Nakiru, anapiga kelele kama kwamba ni lazima ifike Mombasa kwa miguu.

"Maji iko! Mbuzi iko!" akasema. "Wewe iko wapi?"